Safari ya kuiona nuru ya kaskazini Tromsø: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, na huu ni msimu wangu wa saba wa giza. Kila ifikapo Agosti simu huanza kulia. Binamu yuko Tanga, rafiki niliyesoma naye yuko Nairobi, mwingine ni mgeni kabisa, namba yangu kapewa na jamaa wa Muscat. Wote wanataka kuja kuiona ile nuru inayocheza angani usiku, ambayo wengine huiita taa za kaskazini na wengine aurora. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Msimamo wangu nautoa mapema: wanaorudi nyumbani bila kuiona huwa wameshindwa na mawingu, mara chache sana wameshindwa na jua lililotulia, maana nuru hii chanzo chake ni jua. Na mawingu hayana dawa ila siku za kutosha. Ukiwa na pesa kidogo ya ziada, inunulie siku.

Hiyo nuru ni nini hasa?

Jua hutoa mwanga na joto, lakini pia hutoa upepo wa chembe zenye chaji ya umeme unaovuma bila kukoma. Sumaku ya dunia hutukinga na upepo huo, ila chembe nyingine huongozwa na sumaku hiyohiyo hadi maeneo yanayozunguka ncha za dunia, zikaigonga hewa ya juu. Oksijeni ikigongwa kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 200 hivi hung'aa kijani. Juu ya hapo hung'aa nyekundu. Nitrojeni hutoa buluu, zambarau na waridi, hasa upande wa chini.

Mtu wa pwani haitamchukua muda kuielewa. Inaning'inia kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo: mji wake kijani, na pindo la chini likipata waridi pale inapochangamka.

Aliyefumbua sehemu kubwa ya fumbo hili ni Mnorway, Kristian Birkeland. Mwaka 1899 alijenga kituo cha uchunguzi juu ya mlima Haldde, karibu na mji wa Alta. Baadaye aliweka tufe lenye sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa, akalipiga kwa chembe za umeme, na mwanga ukatokea kuzunguka ncha zake. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya kroner 200 kwa miaka mingi.

Kwa nini Tromsø, wakati kuna Finland, Iceland, Alaska na Canada?

Kwa sababu ya joto. Najua neno hilo linashangaza. Tromsø iko zaidi ya nyuzi 69 kaskazini, kilomita 350 hivi ndani ya Mzingo wa Aktiki, lakini mkondo wa bahari unaotoka kusini hupitisha maji ya vuguvugu pwani yote ya Norway. Bandari haigandi. Wastani wa Januari huzunguka hasi 3 au hasi 4. Fairbanks ya Alaska na Yellowknife ya Canada, ambazo nazo ni mahali pazuri mno pa kuitazama, kwa kawaida hushuka chini ya hasi 20 mwezi huohuo. Kwa mtu ambaye baridi kali aliyoizoea ni ya Lushoto au Limuru mwezi wa saba, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Isitoshe, mji wenyewe uko chini ya ule ukanda wa duara ambamo nuru hutokea mara nyingi. Hauhitaji dhoruba kubwa kutoka kwenye jua. Usiku wa kawaida tu unatosha, mradi mbingu iwe wazi.

Ubaya wake ni huohuo uzuri wake: bahari ya vuguvugu huzaa mawingu. Ndiyo maana waongozaji wa hapa huwapakia wageni kwenye basi na kuyakimbia mawingu, wakielekea bara, hadi bonde la Skibotn au hata kuvuka mpaka na kuingia Kilpisjärvi, Finland, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Milima hukamua mvua na theluji upande wa bahari, na upande wa pili mbingu hubaki kavu. Abisko, kule Sweden, inasifika kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayetaka nuru tu na asijali mji, nitamwambia aende Abisko. Anayetaka mji, bahari, chakula na watu, aje hapa.

Nije mwezi gani?

Nuru hutokea mwaka mzima, ila inahitaji giza. Tangu takriban tarehe 20 Mei hadi wiki ya nne ya Julai hapa jua halizami kabisa, na usiku huwa mweupe tangu katikati ya Aprili hadi sehemu kubwa ya Agosti. Kwa hiyo msimu ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Aprili.

Wengi hutaka Desemba kwa sababu ya likizo. Desemba jua halichomozi kabisa: kuanzia takriban tarehe 27 Novemba hadi 15 Januari liko chini ya upeo wa macho. Mchana si giza totoro, kuna saa chache za mwanga wa buluu, mzuri kuliko picha zake zote. Lakini ndio msimu wa bei za juu, hoteli zimejaa, na mawingu ni mengi.

Ukiniuliza mimi, njoo mwisho wa Februari au Machi. Theluji ipo tele, mchana ni mrefu wa kutosha kufanya mambo mengine, na anga mara nyingi ni kavu zaidi. Tena kipindi cha Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, sumaku ya dunia hukaa mkao unaoupokea vizuri zaidi upepo wa jua, kwa hiyo dhoruba za sumaku huongezeka. Septemba ina uzuri wake: hakuna theluji, maziwa hayajaganda, na nuru inajitazama majini. Nayo ni nafuu kidogo, na huhitaji buti za barafu.

Nikae siku ngapi?

Usiku wa kulala mmoja au miwili ni kamari. Mitatu ni kujaribu. Mitano ndiyo ninayomwambia kila mtu.

Mama yangu mdogo alikuja Machi moja kwa siku tano. Usiku wa kwanza theluji, wa pili mawingu, wa tatu mvua iliyofanya barabara zote kuwa kioo. Alianza kuzungumzia nauli aliyoipoteza. Usiku wa nne, saa tano kasoro, tulikuwa Skibotn na mbingu ikafunguka kwa dakika 20. Alilia, akasoma dua, akaniomba nisimwongeleshe. Kama tungemkatia tiketi ya siku tatu angekuwa ameshapanda ndege.

Nimesikia jua limeshapita kilele chake. Nimechelewa?

Hapana. Jua lina mzunguko wa kuchangamka na kutulia wa miaka 11 hivi, na Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kuwa limefikia kipindi cha kilele. Mei ya mwaka huohuo dhoruba kubwa ilifanya nuru ionekane hadi Mexico. Lakini kilele kinamsaidia zaidi mtu aliyeko London au Chicago. Hapa juu tunaiona hata miaka ambayo jua limetulia. Usikope pesa kwa hofu kuwa mwakani itakuwa imekwisha.

Ile namba ya Kp kwenye programu za simu ina maana gani?

Ni kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kuanzia 0 hadi 9. Kwa Tromsø, 2 inatosha, na nimeshaiona ikiwa 1. Usikae ndani kwa sababu programu imeandika namba ndogo. Angalia kwanza utabiri wa mawingu kwenye Yr, huduma ya hali ya hewa ya Norway, ambayo ni bure. Utabiri wa nuru wa kuaminika kweli hutolewa muda mfupi tu kabla: vyombo vya anga vinavyoupima upepo wa jua viko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na upepo huo hutufikia baada ya dakika 15 hadi saa moja.

Inatokea saa ngapi?

Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa saba usiku, na mara nyingi hunoga saa nne hadi saa sita. Majira ya baridi saa za hapa ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, kwa hiyo ukiwapigia walio nyumbani uwaonyeshe kwa video, utawaamsha.

Niende na mwongozaji au nijitegemee?

Kwa usiku wa kwanza, lipia mwongozaji. Anajua mbingu iko wazi wapi, ana mavazi ya kuazima, ana moto na kitu cha moto cha kunywa. Bei nyingi huwa kati ya kroner 1,000 na 2,000 kwa mtu. Basi kubwa ni nafuu, na gari dogo linafika mbali zaidi. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama watavuka kwenda Finland mbingu ikilazimu, na kama njiani kuna choo. Mara nyingi hakuna. Na pasipoti utembee nayo.

Usiku mwingine unaweza kujitafutia. Ziwa Prestvannet, juu ya kisiwa chenyewe cha mji, lina kiza cha kutosha, na ufuo wa Telegrafbukta unafikika kwa basi la kawaida. Nuru ikiwa na nguvu utaiona hata ukiwa katikati ya mji, ila mahali penye giza huonyesha hata iliyo hafifu.

Kukodi gari sikushauri. Wengi wetu tumejifunza kuendesha kushoto, huku ni kulia. Juu ya hapo barabara ina barafu, ni usiku, na macho yako yako angani. Kila msimu wageni husimamisha magari katikati ya barabara ili wapige picha, na magari ya mizigo yanakuja nyuma yao.

Viza naipataje?

Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege yako inatua kwanza Amsterdam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasizidi kuchelewa siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika hata siku 45. Mimi huwaambia watu wapeleke maombi miezi mitatu kabla.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Bima ya safari ifikie euro 30,000. Kisha kuna yale yanayowaangusha wengi: taarifa ya benki yenye pesa iliyoingia kwa mkupuo juzi, barua ya mwajiri isiyosema utarudi kazini lini, na ratiba isiyoeleweka. Afisa anataka kuona mtu mwenye maisha nyumbani anayoyarudia. Weka hati ya biashara, ya nyumba, ya ada za watoto, chochote cha kweli kinachosema hivyo. Usikubali kutengenezewa karatasi na wakala. Na usilipe tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka, shika nafasi tu.

Kuna mtego mmoja ambao wakala wengi hawausemi. Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini zaidi ya hapa, ni ya Norway lakini haimo Schengen. Ukitaka kupanda hadi huko kisha urudi Tromsø, viza yako lazima iruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Ndege je?

Unafika Oslo kwanza kupitia mji mkubwa kama Amsterdam, Addis Ababa au Doha, kisha unaruka karibu saa mbili kwenda kaskazini. Acha nafasi ya kutosha Oslo, kwa sababu mara nyingi inabidi uchukue begi lako, upite forodha, ndipo ulikabidhi tena. Uliza kwenye dawati siku ya kuondoka. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingia. Sambusa za mama ziliwe njiani.

Nivae nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wageni wetu wanapoteseka zaidi.

Acha pamba. Fulana ya pamba, soksi za pamba, jinzi, vyote hunyonya jasho na maji yakabaki mwilini, kisha unagandia humo. Kinachogusa ngozi kiwe cha sufu: fulana ya mikono mirefu, suruali ya ndani, soksi. Juu yake sweta nene au flisi. Juu kabisa koti na suruali visivyopitisha upepo. Tabaka tatu jepesi hushinda koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayokupasha.

Buti ziwe kubwa kwa saizi moja. Soksi mbili ndani ya buti iliyobana huleta baridi kuliko soksi moja yenye nafasi. Nunua hapa zile meno za chuma za kuvalia chini ya kiatu, zinaitwa *brodder*. Bei yake ni ndogo, na kuvunjika mkono ni ghali. Nunua pia kiakisi mwanga uning'inize kwenye koti, kila mtu hapa anacho, maana madereva hawakuoni gizani.

Usinunue koti la bei kubwa Dar es Salaam au Mombasa kwa safari ya wiki moja. Makampuni mengi ya ziara huazimisha mavazi ya juu. Wewe uje na sufu, kofia inayofunika masikio, na glavu za aina mbili, nyembamba ndani na nene juu. Dada zetu wanaovaa hijabu, ile ya sufu nyembamba chini ya kofia inafanya kazi ya skafu na ya kofia kwa pamoja.

Hewa ya hapa ni kavu, ngozi yetu huanza kupauka siku ya pili. Losheni ya maji haisaidii kwenye baridi. Jipake mafuta mazito: vaselini, mafuta ya nazi, siagi ya shea, uso na midomo kabla ya kutoka. Nywele zilizolowa usitoke nazo.

Jua lisipochomoza, nitaswali vipi?

Tromsø kuna msikiti, na Waislamu wanaoishi hapa, wengi wakiwa Wasomali, wamelizoea jambo hili. Wanazuoni wametoa njia zinazojulikana: kufuata ratiba ya mji wa karibu ambako usiku na mchana bado vinatengana, au kufuata saa za Makka. Muulize shekhe wako kabla hujaondoka, ushike njia moja. Kibla kutoka hapa ni kusini, ukiegemea mashariki.

Gharama kwa jumla?

Norway ni ghali, sikufichi. Dola moja ya Marekani imekuwa ikibadilishwa kwa kroner 10 hivi, na mlo wa kawaida wa mgahawani unafika kroner 250 kirahisi. Tafuta malazi yenye jiko na upike. Maji ya bomba ni matamu, usinunue ya chupa. Pesa taslimu karibu huzihitaji, kadi inakubalika hadi kwenye kibanda cha soseji.

Simu yangu inaweza kuipiga picha?

Simu nyingi za sasa zinaweza. Washa hali ya usiku, iegemeze kwenye kitu kisichotikisika, iache ifungue jicho kwa sekunde 3 hadi 10. Mwenye kamera aanzie ISO 1600, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, sekunde 5 hadi 15, na fokasi aiweke kwa mkono kwenye nyota. Betri hufa haraka kwenye baridi, ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukirudi ndani, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza, au itatoa jasho.

Watoto na wazee?

Waje. Ila basi la saa saba usiku si la mtoto wa miaka minne. Chukua nyumba nje kidogo ya mji, kisiwa jirani cha Kvaløya kwa mfano, mtoto alale, mmuamshe ikitokea.

Ni kweli hairuhusiwi kupiga mluzi?

Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, huiita *guovssahas*, na wazee wao waliwaonya watoto wasiipigie mluzi wala kuipungia, isije ikashuka ikawachukua. Sisi tulioambiwa tusipige mluzi ndani usiku hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ukiwa na mwenyeji wa Kisami, heshimu tu. Ukija karibu na tarehe 6 Februari, siku ya taifa la Wasami, utakuta pia mbio za kulungu wa Aktiki katika barabara kuu ya mji.

Haiwezekani kuiona nikiwa nyumbani, labda juu ya Kilimanjaro?

Hapana. Kimo hakisaidii. Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, mbali kabisa na ule ukanda. Ilitokea usiku wa tarehe 4 Februari 1872, kwenye dhoruba kubwa mno, nuru ikaonekana Bombay na Khartoum. Tangu hapo hakuna wa kuingoja barazani.

Nitaijuaje nikiiona?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu picha zimewadanganya watu. Mara nyingi haianzi na kijani kikali. Huanza kama ukanda wa kijivu, mweupe kidogo, kama wingu jembamba lililonyooka kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Macho yetu gizani hayashiki rangi vizuri. Elekeza simu: ikitoka kijani, ndiyo yenyewe. Zima tochi, zima kioo cha simu, yape macho dakika 20. Usiondoke. Ikipata nguvu utaona rangi kwa macho yako mwenyewe, na itaanza kutembea.

Majira yangu ya kwanza hapa niliuona ukanda huo juu ya Kvaløya kupitia dirisha la jikoni. Nikadhani ni wingu, nikafunga pazia, nikaendelea kuosha vyombo. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 70, ndiye aliyekuja kugonga mlango. Alisema neno moja, *nordlys*, akanishika mkono, akanitoa nje nikiwa na soksi. Lile wingu lilikuwa limeshafika juu ya paa letu, kijani kitupu, likijikunja na kujikunjua, na bibi alikuwa bado hajauachia mkono wangu.